Jinsi ya kugawa kazi kwenye timu ya mauzo: mwongozo kutoka Malindi

Kila mara naulizwa swali hilohilo na wenzangu wa biashara hapa Malindi, pwani ya Kenya: nimeandika vijana watatu wa kuuza, wanatoka asubuhi wanarudi jioni, mbona mauzo yamesimama palepale? Nami nikiuliza, haya, hao watatu kila mmoja kazi yake ni ipi, naambiwa "wote wanauza". Basi hapo ndipo penye shida. Kuuza ni kazi nne tano zimefungwa kwenye kitambaa kimoja, na usipozifungua ukazigawa, kila mtu atafanya ile anayoipenda na zile zingine zitabaki bila mwenyewe.

Mie nauza achari ya embe, krispi za muhogo na mabuyu. Nilianza peke yangu na ndoo mbili, sasa hivi tuko sita, na mzigo wetu unafika Watamu, Gede, Mambrui, Gongoni, Marereni na mpaka Lamu. Haya ninayoandika nimeyajaribu kwenye bidhaa ya kula lakini hata kama wauza sabuni, mbao, bima ama vyumba vya wageni, kazi ni zilezile, kinachobadilika ni muda tu.

HATUA YA 1: Andika kazi kabla hujaandika majina

Chukua karatasi, usiandike jina la mtu yeyote. Andika kazi.

Ya kwanza ni kutafuta. Huyu anaingia mahali ambapo hawakujui, anaangalia kama pana mteja, anaacha sampo, anachukua namba ya simu, anarudi na orodha. Kampuni kubwa zina watu ambao kazi yao yote ni hii, hawauzi chochote, wao wanaleta majina yaliyochujwa. Neno la maana hapo ni kuchujwa, kwa sababu majina mia ya watu wasioweza kununua ni mzigo, si msaada. Mtafutaji mzuri anarudi na majibu ya mambo matatu: huyu mtu anahitaji bidhaa yetu? ana uwezo wa kulipa? na anayeamua ni yeye ama ni mwingine?

Ya pili kufunga. Huyu ndiye anakaa na mteja, wanaongea bei, wanakubaliana kiasi, anatoka na oda. Ndiyo kazi yenye sifa, kila kijana anataka kuitwa mfungaji, na mabosi wengi wanadhani mauzo yote ni hapa.

Ya tatu ni kulea. Mlezi wa wateja anarudi. Anaangalia mzigo umetoka kiasi gani, kilichoharibika anabadilisha, anajua mtoto wa mwenye duka amefanya mtihani, anachukua oda ya pili na ya tatu na ya ishirini. Mie naamini hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwenye biashara ya bidhaa inayokwisha, kwa sababu oda ya kwanza mara nyingi haikulipii hata nauli uliyotumia kumpata mteja, faida iko kwenye zile zinazofuata. Na ndiyo kazi ambayo wengi hawana mtu wake kabisa.

Ya nne kufikisha mzigo, na ya tano pesa na daftari: nani kachukua nini, kalipa nini, anadaiwa nini. Juu yao kuna msimamizi, nitamfikia.

Sasa weka majina. Kama mko wawili basi kila mmoja atabeba kazi mbili tatu, haina tabu, lakini kuna zinazokaa pamoja na zisizokaa. Kutafuta na kufunga zinakaa. Kulea na kufikisha mzigo zinakaa vizuri sana, manake anayeshusha katoni ndiye anayeona rafu. Lakini mtu mmoja asiuze, akapokea pesa, na akaandika daftari yeye mwenyewe. Hata awe mtoto wa dadako. Simaanishi ni mwizi, ni kwamba akikosea hesabu hakuna wa kuona, na siku pesa ikipungua mtamshuku mtu ambaye pengine hana kosa na undugu utaharibika. Sisi mteja analipa moja kwa moja kwenye namba ya tili, muuzaji hagusi shilingi, na daftari liko kwa dada wa ofisini.

HATUA YA 2: Jua unamuuzia nani, na nani anaamua

Wateja wangu nimewagawa mafungu manne na kila fungu lina mwendo wake.

Maduka na vibanda vya mtaani, Majengo, Barani, Maweni, Muyeye: anayeamua yuko mbele yako, analipa papo hapo ama baada ya wiki, anachukua kidogo. Dakika kumi umemaliza. Hapa unataka mtu mwepesi wa miguu na mwenye salamu nzuri.

Wa jumla: anachukua nyingi, anabana bei mpaka jasho likutoke, na ukiwa naye mmoja mkubwa sana yeye ndiye bosi wako, kwa hivyo usimuachie nusu ya mauzo yako.

Supamaketi: hawa wanataka karatasi kwanza. Chakula cha pakiti lazima kiwe na alama ya ubora ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, watauliza bakodi, watauliza leseni ya kaunti, na watakulipa baadaye sana. Usimtume mtafutaji huko kabla karatasi hazijakamilika, utakuwa umeunguza nafasi yako, kurudi mara ya pili ni kugumu.

Hoteli na mikahawa: hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu hotelini hakuna mteja mmoja, kuna watu wanne. Mpishi mkuu anaonja na kupenda. Mtu wa stoo anapokea. Meneja anasaini LPO, yaani karatasi rasmi ya kuagiza mzigo. Mtu wa akaunti analipa. Ukishakuwa rafiki wa mpishi peke yake una robo ya mteja. Tena tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, biashara haiwezi kuiondoa kwenye hesabu ya kodi, kwa hivyo mtu wa akaunti atakuuliza hiyo kabla hajakuuliza jina lako. Hoteli yataka mfungaji mtulivu, mtu wa kurudi mara nne bila kununa.

Unaona sasa kwa nini nasema usiwatume wote kila mahali? Kijana anayeng'ara Majengo anaweza kufa kabisa hotelini kule Casuarina, na si kosa lake.

HATUA YA 3: Gawa maeneo

Jambo la kugawa maeneo si jipya. John Henry Patterson wa kampuni ya NCR kule Dayton, Ohio, aliyekuwa akiuza mashine za keshia mwishoni mwa miaka ya 1800, alimpa kila muuzaji eneo lake pekee ambalo mwenzake haruhusiwi kuingia, akawaandikia maneno ya kusema na akawapa mafunzo. Mpaka leo makampuni yanafanya hivyo na sababu ni rahisi: wauzaji wawili wakikutana kwenye duka moja wanaanza kushushiana bei, na anayefaidika si mteja wala wewe, ni kelele tupu.

Ruti zetu ni hivi. Jumatatu Watamu na Gede. Jumanne Mambrui, Gongoni, Marereni. Jumatano mjini. Alhamisi mizigo ya Lamu inatoka. Ijumaa mpaka saa tano tu, basi. Jumamosi mjini tena na kikao.

Siri ya ruti ni siku ileile, sura ileile. Mwenye duka akishajua Jumanne huyu yuwaja, anakuwekea pesa kando. Ukienda Jumanne moja, Alhamisi nyingine, pesa yako ameshampa mtu wa soda. Kule Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi tuligundua kitu kingine, mauzo yanafuata mshahara, mwisho wa mwezi watu wana pesa duka linatoa mzigo mara mbili, katikati ya mwezi ni kimya. Tukabadilisha, oda kubwa tunapeleka tarehe 27 mpaka 30, katikati tunapeleka pakiti ndogo za bei ya chini. Hakuna aliyetufundisha, ni mlezi wa ruti ile alisema kwenye kikao kwa sababu yeye ndiye aliye pale kila wiki.

Lamu ni habari yake. Huwezi kumtuma mtu Lamu kila wiki kwa ajili ya maduka tisa, nauli itakula kila kitu. Mzigo unapanda basi Malindi unapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, unashuka gatini, unaingia boti, ukifika upande wa pili unabebwa kwa mkokoteni ama punda kwa sababu ndani ya mji wa kale magari hayaingii. Kwa hivyo Lamu tunauza kwa simu. Jumatano asubuhi dada wa ofisini anawapigia wale tisa mmoja mmoja, anapokea oda, Alhamisi mzigo unaondoka. Kuuza kwa simu ni kazi kamili na yataka mtu wake, sauti yenye subira, na daftari mbele yake lenye oda ya wiki iliyopita, ili aweze kusema "Bi mkubwa, wiki jana ulichukua achari dazani mbili, zimebaki ngapi?" Hiyo ni tofauti kabisa na kusema "je leo wataka kitu?" manake swali la pili jibu lake ni la.

Na usisahau mkono wa mwisho. Katoni yaandikwa jina la mpokeaji, simu, na kwa kalamu nene "ACHARI USILAZE". Achari ikilazwa kwenye boti mafuta yanachuruzika yanalowesha karatasi za krispi, ukipata simu ya malalamiko hapo kazi ya miezi ya mlezi imeharibiwa na mfuniko mmoja.

HATUA YA 4: Fundisha ziara moja, vizuri

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mafunzo mengi ya mauzo ni nyimbo za kutia moyo, mtu anatoka amechangamka na hajui afanye nini akifika mlangoni.

Kabla ya salamu, macho. Simama nje ya duka hesabu mpaka kumi. Krispi za wengine ziko wapi, zimening'inia mbele ama zimesukumwa nyuma ya unga? Pakiti ya juu ina vumbi? Wanaoingia ni watoto wa shule, wapanda boda ama kina mama? Ukiona vumbi kwenye pakiti za shilingi mia na hook ya pakiti za kumi iko tupu, umeshajua cha kuuza kabla hujafungua mdomo.

Halafu salamu, na salamu iwe ya kweli. Hapa kwetu ukiingia kwa mtu mzima ukaanza "nimekuletea ofa" umeshamaliza biashara. Assalam aleikum, shikamoo ami, za nyumbani, biashara yaendaje. Na kama ana mteja, ngoja pembeni, usimkate. Yule mteja aliyesimama pale ndiye anayewalipa nyote wawili.

Kisha uliza, usieleze. Ami, pakiti gani inatoka sana hapa? Watoto wa shule wanapita saa ngapi? Aliyekuwa akikuletea krispi huja siku gani? Mtu akijibu maswali matatu anakuwa amekupa ramani nzima.

Kisha onjesha, na hapa nawaomba jamani, nyamaza. Mara ya kwanza nilipofuatana na mpwa wangu kwenye ruti, Mambrui, mzee wa duka alifungua chupa ya achari, akachovya ncha ya kijiko, akaonja, akafumba jicho moja. Mpwa wangu pale pale akaanza kueleza pilipili imetoka wapi, embe ni aina ya ngowe, imekaa juani siku ngapi. Mzee akaweka kijiko chini. Alikuwa bado anaonja yule! Tulipotoka nikamwambia, mwanangu, ulimi wa mtu ukiwa kazini usimpe na masikio kazi. Wiki iliyofuata akanyamaza, mzee akaonja mara mbili, kisha akasema mwenyewe "hii wapika wali wa nazi waitaka". Akachukua dazani moja. Maneno yake yale ndiyo sisi tunatumia mpaka leo kuuzia wengine.

Oda ya kwanza iwe ndogo. Vijana wanapenda kusukuma katoni nzima ili tageti ijae, na mwenye duka kwa haya yake anakubali, baada ya mwezi katoni iko nusu, inakaribia kuisha muda, na kila akikuona anaona hasara. Muachie kiasi cha kwisha kabla hujarudi. Duka likiwa tupu la bidhaa yako siku mbili si mbaya, watu wameulizia, mwenye duka amesikia kwa masikio yake.

Kuna majibu ambayo mtayasikia kila siku, yazoeeni.

"Ni ghali." Uliza kwa upole, ghali kuliko ipi? Wakati mwingine analinganisha pakiti ya gramu 50 na ya 30. Wakati mwingine kweli ni ghali kwa wateja wake, basi mpe pakiti ndogo, usishushe bei.

"Nina mzigo wa mwenzako." Usimseme mwenzako vibaya hata kidogo, mji huu ni mdogo, pengine ni binamu yake. Sema sawa, niachie kamba moja tu ning'inize pembeni tuone ipi itatoka.

"Rudi kesho." Kesho asubuhi ama jioni ami? Andika mbele yake. Mtu akiona umeandika, naye anajua ameahidi.

"Inshallah." Hii isikilize vizuri. Kuna inshallah ya mtu aliyeamua na kuna ya mtu ambaye hataki kukuvunja moyo. Uliza tu, basi niandike dazani moja ya Jumanne? Akitaja idadi yeye mwenyewe amenunua. Akirudia inshallah mshukuru, aga vizuri, umuache mpaka mwezi ujao.

HATUA YA 5: Hesabu ngazi, usihesabu mauzo peke yake

Ukiangalia jumla ya mauzo pekee utajua unaumwa lakini hutajua wapi. Hesabu kila kidato. Tuchukulie mwezi huu timu imeingia maduka 40, yaliyochukua sampo 24, walioagiza mara ya kwanza 12, walioagiza tena 7.

Soma hivi: kutoka 40 kwenda 24 ikiwa chini sana, mtafutaji anaingia milango isiyokuwa yetu. Kutoka 24 kwenda 12 ikiwa mbaya, shida iko kwenye kufunga ama bei. Kutoka 12 kwenda 7 ni kulea, ama Mungu aepushe bidhaa yenyewe haijawapendeza watu. Sasa mtu wa haraka atasema nataka wateja 14 wa kurudia kwa hivyo tuingie maduka 80. Mie nitakwambia kwanza nenda kawaone wale 5 walioagiza mara moja wakapotea. Watembelee kwa miguu, kaa nao, uliza. Mara ya kwanza kufanya hivyo mie niliambiwa na watatu kati ya watano jambo moja, mzigo uliisha na hakuna mtu aliyerudi. Basi! Walikuwa wanatutaka. Hatukuwa na mlezi.

Hesabu hii haitaki kompyuta. Daftari la mistari, kurasa mbili zinazotazamana, safu sita: tarehe, duka, nani anaamua, hatua aliyofika, kiasi, siku ya kurudi. Ile safu ya mwisho ikiwa tupu, ukurasa huo haujakamilika. Jioni mtu anapiga picha ukurasa anatuma kwenye grupu ya WhatsApp, tumemaliza.

Na mkishakuwa na miezi mitatu ya daftari, panga wateja kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Kuna ile kanuni ya 80 kwa 20 inayoitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitaliano, kwamba sehemu kubwa ya matokeo hutoka kwa wachache. Kwako haitakuwa namba hizo kamili lakini utashangaa wachache wanavyokubeba. Hao wapewe mlezi wako bora, wala si mgeni aliyeanza kazi jana.

HATUA YA 6: Malipo yafuate kazi unayoitaka

Watu hufanya kile wanacholipwa kufanya. Ukilipa kamisheni kwa oda, utaletewa oda, zikiwemo za watu wasiolipa. Kwa hivyo kamisheni ilipwe pesa ikiingia.

Sisi juu ya mshahara wa msingi, ambao usipungue kima cha chini cha serikali, tuna hivi: aliyemleta mteja anapata asilimia 5 ya oda ya kwanza, mara moja tu. Mlezi anapata asilimia 2 ya kila oda inayofuata maadamu mteja yupo. Mteja akianza na 4,000, mtafutaji anapata 200. Akiagiza 4,000 kila wiki, mwezi una 16,000, mlezi anapata 320 kwa mteja mmoja, na akiwa nao thelathini wa namna hiyo ni 9,600 kila mwezi. Hapo humwambii arudi dukani, anarudi mwenyewe. Asilimia zenu zitoke kwenye faida yenu, msinakili zangu.

Na punguzo lisiwe mkononi mwa muuzaji. Angalia hesabu: pakiti yauzwa 50, imekugharimu 40, faida ni 10. Muuzaji akipunguza asilimia 10 tu, yaani shilingi 5, faida imekuwa 5. Ile faida uliyopata kwa pakiti 100 sasa yataka pakiti 200. Kijana anaona amepunguza kidogo, kumbe amekata nusu. Waonyeshe hesabu hiyo kwa karatasi, wengi hawajawahi kuonyeshwa. Anayeruhusu punguzo ni msimamizi peke yake, na likitolewa lipate kitu: alipe taslimu, ama achukue zaidi, ama aning'inize mbele.

HATUA YA 7: Deni

Kuna hoteli moja tuliipelekea mzigo wiki tatu mfululizo kwa neno la mpishi. Mpishi alikuwa mkweli, aliipenda kweli achari yetu, lakini hatukuwa na LPO, stoo walipokea bila kusaini, na karatasi zetu hazikufika kwa mtu wa akaunti. Tulipokuja kudai, msimu ulikuwa umeisha, hoteli imefunga mpaka mvua zipite, na pesa ile tuliipata baada ya miezi mitano. Miezi mitano ya kununua embe kwa pesa ya kukopa. Tangu hapo kanuni ni moja: hotelini mzigo haushuki bila LPO mkononi na saini kwenye karatasi ya kupokea. Gari limewahi kurudi na mzigo wake, na wale waliotuona wakali wakaleta LPO kesho yake.

Kwa maduka, kila mmoja ana kiwango cha deni kimeandikwa, na mzigo mpya hautoki mpaka wa zamani ulipwe angalau nusu. Anayedai awe yule wa daftari, kwa simu, kwa adabu, siku moja kabla ya ruti: "Ami, kesho yuwaja kijana wetu, kuna 1,800 ya wiki jana." Mlezi akifika maneno ya pesa yameshapita, yeye anaongea mzigo. Ukimfanya mlezi awe mdai, ataanza kulikwepa duka, na mwenye duka ataanza kujificha. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema.

HATUA YA 8: Panga kwa msimu

Huku pwani mwaka una pande mbili. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari imetulia, wageni wapo, hoteli zinataka mzigo, embe zimejaa. Kusi, kuanzia Aprili, mvua, mawimbi, hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu, wavuvi hawatoki kama kawaida na wavuvi wakikosa duka la mtaani nalo linakosa. Kwa hivyo tageti ya Mei isiwe sawa na ya Disemba, utakuwa unawaadhibu watu kwa kosa la upepo. Kusi ndio wakati wa kumtuma mtafutaji ndani ndani, Ganda, Kakuyuni, Marafa, kufunza wapya, na kuandaa karatasi za supamaketi. Ramadhani ina ruti yake, mchana maduka yanapoa na alasiri yanafurika, tunatoka saa tisa badala ya saa mbili. Na Lamu wakati wa Maulidi wageni hujaa mji, oda ichukuliwe wiki mbili kabla.

HATUA YA 9: Msimamizi na kikao

Msimamizi asiwe muuzaji bora aliyepandishwa cheo kisha akaendelea kuuza. Kazi yake ni kufuatana na kila mtu siku moja kwa mwezi, anyamaze dukani, aseme baada ya kutoka. Ukimuingilia kijana mbele ya mteja, mteja hatamsikiliza tena, atasema niitie mkubwa wako.

Kikao Jumamosi, nusu saa, kila mmoja maswali matatu: duka gani umelipata, lipi limepotea, nini umesikia. Hili la tatu ndilo lilituletea habari za mishahara ya chumvi na wali wa nazi. Mwenye habari mbaya asifokewe, ukimfokea mara moja hutazisikia tena.

HATUA YA 10: Lini uongeze mtu

Kabla ya kuandika mtu mpe siku moja ya kulipwa kwenye ruti, afuatane na mlezi. Usimsikilize anavyoongea, angalia kama anangoja mteja wa dukani amalize, kama aliandika, na kama saa nane jua likiwa kali bado anasalimia vilevile. Mie nimeacha waongeaji wazuri sana nikamchukua dada mmoja mpole wa Mambrui aliyekumbuka majina ya wenye maduka wote kumi na mmoja tuliowapitia asubuhi.

Na usiongeze kwa sababu mauzo yamepanda mwezi mmoja. Angalia daftari, ile safu ya siku ya kurudi. Ukiona maduka ya mwisho kwenye ruti yanaanza kuandikwa "wiki ijayo", wiki baada ya wiki, na kila mara ni yaleyale ya mwisho kwa sababu giza limeingia kabla mlezi hajafika, hapo ikate ruti mara mbili na umtafute wa pili.